Fidla Ngapi Zinasikika?

Muuza spika, awe Mwanjelwa kule Mbeya au kando ya stendi ya Tukuyu, ana wimbo wake mmoja wa kumalizia biashara. Anachomeka flashi, anapandisha besi mpaka mwisho, na kabla mwimbaji hajafungua kinywa vioo vya kabati vimeshaanza kutetemeka. Mteja anatabasamu, mazungumzo ya bei yanaanza. Kwa mtu anayetafuta sabufa ya kuchangamsha sherehe ya kipaimara, jaribio hilo linatosha. Kwa anayetaka kukaa jioni na kusikiliza nyuzi, yaani fidla, viola, chelo na dabo besi zikipigwa nyingi kwa pamoja, jaribio hilo halimwambii lolote. Tena mara nyingi humwelekeza kwenye spika isiyofaa kuliko zote dukani.

Sababu iko kwenye nyuzi zenyewe. Uzi mnene wa fidla, usipobanwa na kidole, hutetemeka mara 196 kwa sekunde, yaani hezi 196. Viola hushuka hadi hezi 131 hivi, chelo hadi 65, na dabo besi ya nyuzi nne hadi 41. Hapo ndipo mwisho wa chini wa kila ala. Lakini kila sauti ya uzi hubeba juu yake msururu wa sauti nyembamba, kila moja ikiwa mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi, na kuendelea. Kidole cha mpiga gitaa huugusa uzi mara moja na kuuacha. Upinde wa fidla hufanya kazi nyingine: huushika uzi na kuuachia, huushika tena na kuuachia, mamia ya mara kwa sekunde, na kushikashika huko ndiko kunakozaa msururu mrefu unaopita hezi 10,000. Ndani ya msururu huo ndimo tunamotambua kwamba tunasikia fidla na si filimbi. Na sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, eneo ambalo mwili wa fidla na daraja lake hulikuza hasa. Kosa dogo la spika mahali hapo huumiza kuliko kosa kubwa kule chini.

Sasa itazame sabufa ya kawaida ya sebuleni: boksi moja kubwa, na vispika viwili au vinne vya pembeni. Vispika hivyo, vyenye koni ya inchi tatu hivi, haviwezi kushuka vizuri chini ya hezi 150 au 200. Kwa hiyo boksi kubwa hulazimika kupanda mpaka huko kuziba pengo. Chelo huanzia hezi 65, na sehemu kubwa ya uimbaji wake iko kati ya 100 na 400. Maana yake mpiga chelo mmoja anakatwa vipande viwili: nusu yake iko sakafuni chini ya meza ya televisheni, nusu nyingine imetundikwa ukutani karibu na dari. Kila wimbo unapopanda, mtu mzima na ala yake huruka mita mbili hewani. Kuna vispika vingine hata vina twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ya pambo tu, duara la rangi ya fedha lisilo na waya wowote nyuma yake. Ukipata nafasi, mulika kwa tochi ya simu kabla ya kulipa.

Basi spika ya nyuzi huchaguliwa kwa sauti za katikati. Besi ije baadaye, na ikikosa kidogo si msiba.

Jaribio langu la katikati nimelichukua Unguja. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958, na vikundi hivi viwili vya taarab asilia vimelea kwa miaka mingi safu za fidla zinazokaa pamoja mbele ya chelo, dabo besi, udi, kanuni, akodiani na ngoma ndogo. Mizizi ya mtindo huo inafika Misri: Sultani Barghash, katika karne ya 19, alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo kwenda kujifunza kanuni. Jambo linalotuhusu hapa ni namna fidla za taarab zinavyopigwa. Kwa kawaida zote hufuata wimbo uleule. Hazigawani sauti kama zifanyavyo za Ulaya. Mpigaji mmoja huteleza juu ya uzi na kufika kwenye sauti mapema kidogo kuliko wenzake, wa pili huongeza kiukanda cha pambo, wa tatu hupiga wazi bila kupamba. Uzuri wa safu nzima umo katika tofauti hizo ndogo. Kwenye spika safi unasikia watu. Kwenye spika duni wote wanayeyuka na kuwa fidla moja nene yenye mafua.

Kwa hiyo chukua muziki mtupu usio na mwimbaji, maana sauti ya mtu hulivuta sikio na kulisahaulisha kazi yake. Albamu ya Culture Musical Club iitwayo Bashraf, iliyotoka mwaka 2000, ni ya ala pekee na inafaa sana. Fumba macho, kisha hesabu fidla. Hutafuti idadi kamili. Unatafuta kama unaweza kusema kwa uhakika kwamba yupo zaidi ya mmoja, kwamba huyu yuko kushoto kidogo na yule nyuma yake, na kwamba upinde wa huyu ulibadili mwelekeo kabla ya ule. Jaribu hilo kwenye spika mbili kwa kiwango kilekile cha sauti. Hapa lazima muuzaji adhibitiwe, kwa kuwa spika inayolia kwa nguvu zaidi, hata kwa desibeli moja au mbili, sikio huidhania kuwa ndiyo bora.

Mwaka huohuo wa 1905 ilipoanzishwa Ikhwan Safaa, mtunzi Edward Elgar alitoa London kazi yake Introduction and Allegro, iliyoandikwa kwa wapigaji wanne wa nyuzi wakiwa pamoja na okestra nzima ya nyuzi. Wanne hao hujitokeza, husema neno lao, kisha humezwa na umati. Ni mtego mzuri kwa spika. Umati unapoingia, je, sauti inaongezeka ukali tu, au inapanuka pia, kana kwamba ukuta wa nyuma wa sebule umesogezwa? Ikiwa ni ukali peke yake, shukuru na uirudishe kwenye rafu.

Mtu wa wilaya yetu ya Rungwe anaingia kwenye jaribio hili akiwa na faida ambayo huenda hajaifikiria. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na muziki wa kanisa ulioota mizizi hapa ni wa kwaya za sauti nne na matarumbeta. Aliyewahi kuimba alto anajua kufuata mstari wa ndani ambao hakuna anayeupigia makofi. Viola ndiyo alto ya okestra, na ndiyo ya kwanza kupotea kwenye spika mbaya: haina wembamba wa fidla wala uzito wa chelo wa kujitetea. Ukiweza kuufuata mstari wa viola kwa dakika mbili mfululizo bila kukunja uso, spika hiyo ina sifa ambayo stika yoyote haiwezi kuitaja.

Na kwa kuwa tumeshawataja Wamoravian, kuna mwenzao anayestahili kujulikana zaidi katika wilaya hii. John Antes alizaliwa Pennsylvania mwaka 1740, akatengeneza fidla kwa mikono yake mwaka 1759, na mwaka 1770 akaenda Misri kuwa mmisionari, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Akiwa huko alitunga trio za fidla mbili na chelo, ambazo baadaye zilichapishwa London. Muziki wa nyuzi wa Kimoravian ulikuwa umeshaandikwa katika ardhi ya Afrika zaidi ya karne moja kabla ya kengele ya kwanza kulia Rungwe. Trio zake zimerekodiwa, na kwa mgeni ndizo mahali pa kuanzia: ala tatu tu, hakuna umati wa kujificha nyuma yake. Spika inayoshindwa kuzitenganisha hizo tatu haina haja ya kupewa mtihani wa Elgar.

Kuhusu zile stika nilizozitaja: boksi nyingi za leo zina alama ya rangi ya dhahabu inayotangaza sauti ya ubora wa juu. Kwa upande wa spika, kiwango hicho kilichotoka Japani kinadai zifike hezi 40,000. Sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na 20,000, na la mtu wa makamo huishia mapema zaidi. Popo wa mapangoni wangeifurahia alama hiyo kuliko sisi. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde na hivyo hubeba hadi kupita hezi 20,000. Hiyo inatosha kwa fidla yoyote. Kinachoharibu zaidi kiko upande mwingine kabisa. Faili la muziki lililobanwa kupita kiasi, likatumwa kwa simu, likabanwa tena, likapelekwa kwenye spika kwa bluetooth, limeshapoteza mkwaruzo wa upinde, kitu tulichokuja kukisikiliza. Kwenye muziki wa nyuzi ningetumia muda wa kutafuta CD au faili lisilobanwa kabla ya kutumia fedha kwenye spika.

Uwezo wa spika kuonyesha undani unatokana na mambo ya kawaida zaidi. Koni inatakiwa isimame pale muziki unaposimama. Mbao za boksi zisiimbe zenyewe. Sauti iende pembeni kwa mpangilio uleule inavyokwenda mbele, ili kile kinachogonga ukuta na kurudi kisiwe na rangi ngeni. Lililo rahisi kupima ni la mbao: gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio mfupi uliokufa, vizuri. Ukisikia mlio mtupu unaoendelea, jua mlio huo utaongezwa kwenye kila noti ya chelo utakayosikiliza miaka yote ijayo.

Historia ina spika mbili zinazotajwa kila watu wanapozungumzia nyuzi, na zote ni za Waingereza. Moja ni ya Peter Walker wa kampuni ya Quad, iliyotoka mwaka 1957. Haina koni hata moja. Ina utando mwembamba sana uliochajiwa kwa maelfu ya volti, ukisukumwa na kuvutwa na nguvu ya umeme. Kwa kuwa utando hauna uzito wa maana, huanza na kusimama upesi mno, na kuna wasikilizaji wanaoapa kwamba hakuna kilichowahi kuipita kwa fidla. Nyingine ni LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo. Ni kiboksi kilichozibwa, chenye urefu wa sentimita 30 hivi, twita moja na koni moja ndogo ya plastiki. Haina besi ya kumtisha mtu. Ina ukweli katika sauti ya binadamu, na spika inayosema kweli kuhusu sauti ya binadamu huwa haidanganyi sana kuhusu chelo.

Kwa Tukuyu uamuzi kati ya hizo mbili ni mwepesi. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Rungwe, na hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Utando wenye maelfu ya volti na hewa yenye unyevu ni maadui: chaji huvuja, utando huanza kutoa cheche. Spika ya Quad ningekwenda kuisikiliza kwa rafiki anayeishi Dodoma, ingawa huko nako vumbi lingeidai haki yake. Hapa kaa na spika ya koni: boksi dogo au la wastani, twita moja, wufa, yaani koni ya sauti za chini, ya inchi tano au sita na nusu.

Unyevu una wateja wengine. Tazama ukingo wa koni, ule mkanda laini unaoiunganisha na fremu. Ukiwa wa sponji, miaka michache ya ukungu na unyevu huuoza, na spika nyingi za mtumba zinazoingia nchini zikiwa nzuri kwa nje zina sponji iliyokwisha kufa. Bonyeza kidogo kwa ncha ya kidole. Ikipukutika, bei ishuke au uondoke. Ukingo wa mpira huvumilia zaidi. Ukiibonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, iende na kurudi bila mkwaruzo. Ikikwaruza, koili imegusa sumaku, na hiyo ni kazi ya fundi mzuri au ni hasara. Nusa boksi kwa nyuma. Harufu ya uvundo ikishaingia kwenye mbao za unga zilizogandishwa haiondoki, na mbao hizo zikinywa maji huvimba kwenye pembe na hazirudi tena. Ndiyo maana hata spika mpya haitakiwi kukaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, ikiegemea ukuta wa nje.

Anayetaka kuchongesha boksi kwa fundi seremala wa hapa achague plaiwudi nzuri ya tabaka nyingi, kama zitokazo viwanda vya Mafinga. Mbao nzima, hata ikiwa mninga wa kupendeza, hupanuka masika na kusinyaa kiangazi, na siku moja kiungo kitaachia. Fundi atabisha. Atakuonyesha kabati alilolitengeneza na halijapasuka mpaka leo. Mwambie kabati haliimbi.

Wati zitajwe kwa ufupi kwa kuwa hazistahili zaidi. Zile maelfu zinazoandikwa kwenye boksi la sabufa ni za matangazo. Ulizia wati za RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, na zaidi ya hapo ulizia usikivu wa spika, yaani inatoa desibeli ngapi kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. LS3/5A hutoa 82 au 83, ni ya chini sana. Spika ya desibeli 89 hufikia ukali uleule kwa karibu robo ya nguvu. Kwa nyumba ya Busokelo au Mwakaleli inayotegemea sola na betri, namba hiyo ina maana kuliko jina la kampuni: amplifaya ndogo ya wati 20 itaishi nayo vizuri usiku kucha.

Chumba sasa, ambacho hakuna duka linalokiuza. Sebule nyingi hapa ni za matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta, sakafu ya saruji au marumaru, na urefu wa mita nne hivi. Chumba cha mita nne kina mlio wake chenyewe karibu na hezi 43, jirani kabisa na uzi mnene wa dabo besi. Noti hiyo ikipigwa, chumba hujibu kwa kuvuma na kuzifunika fidla zote. Kikiwa mraba, mita nne kwa nne, pande mbili hujibu kwa pamoja na mvumo huzidi. Ndiyo sababu ya pili ya kutoogopa spika yenye besi ya wastani: chumba kitaiongezea, upende usipende. Usizisukume spika kwenye pembe. Zitoe ukutani angalau nusu mita, twita zilingane na sikio la aliyekaa, na ule mchezo wa kuzitundika karibu na dari uwaachie wenye baa. Zulia zito mbele ya spika, sofa za kitambaa na mapazia manene vitafanya kazi ambayo fedha nyingi haziwezi kuifanya kwa kubadilisha spika. Zitoe pia sahani za mapambo kwenye kabati, maana zina kawaida ya kushiriki kwenye muziki wa Tchaikovsky.

Mvua ndiyo mtihani wa Rungwe peke yake. Kuanzia Novemba mpaka Mei, na hasa Machi na Aprili, bati hupigwa kwa saa nyingi. Kelele ya mvua juu ya bati imetapakaa kwenye sauti zote, lakini inachokifunika kwanza ni kile chembamba na hafifu: mkwaruzo wa upinde, mwisho wa noti unaofifia, fidla zikipiga kwa kunong'ona. Besi hubaki. Ndipo mtu anapoongeza sauti, spika ndogo inaanza kulia kwa uchungu, na lawama inaiangukia spika. Dari ya jipsam, hasa ikiwekewa kitu kizito juu yake, hupunguza sehemu kubwa ya kelele hiyo, na kama nyumba bado inajengwa ningeihesabu dari ndani ya bajeti ya muziki bila aibu.

Nyumba iliyokwisha inabaki na kiti. Kila ukipunguza nusu ya umbali kati yako na spika, sauti inayokujia moja kwa moja huongezeka kwa karibu desibeli sita, wakati mvua inabaki palepale ilipo. Kutoka mita tatu hadi mita moja na nusu ni hatua mbili tu, na ni kana kwamba umenunua amplifaya yenye nguvu mara nne. Spika ndogo za boksi lililozibwa hupendeza zaidi zikisikilizwa kwa karibu hivyo: moja kushoto, moja kulia, kichwa chako kikiwa pembe ya tatu. Wageni watashangaa kiti kimewekwa katikati ya sebule. Kuanzia Juni unaweza kukirudisha nyuma ukiwa na watu wengi wa kusikiliza nao. Na radi ikianza kunguruma upande wa mlimani, swichi peke yake haitoshi: chomoa plagi ya amplifaya, na waya wa antena ya televisheni kama umeunganishwa nayo.